Nilimchora Pongo

Nilimchora pongo kwa sababu niliogopa kumchora fisi maji. Naanza hapo, maana wapo watu Kaisho wanaosema nilikosea kwa ujinga wa mtu aliyeishia kidato cha nne. Ujinga haukuwepo. Ulikuwepo woga, na nilikuwa naujua.

Asiye wa huku ataniuliza pongo, yule swala wa vichakani, na fisi maji, mla samaki wa mtoni, wanahusu nini. Huku Karagwe na Kyerwa kila ukoo una mnyama wake wa mwiko. Tunauita muziro. Humli, humuui, ukimkuta amekufa njiani unapita kando. Mtoto anaupata kwa baba yake, si kwa mama. Mtu mzima akikutana na mgeni hamalizi salamu kabla hajauliza muziro wake, na akishajibiwa anajua huyu ni wa kuoana naye au ni ndugu, ni wa karibu au wa mbali. Kwa hiyo ukimchora mnyama huku kwetu ukampa suruali na kofia, hujachora mnyama. Umemchora mtu, na ndugu zake wote wako nyuma yake. Nilijua hivyo tangu sijaanza shule.

Nachora tangu nikiwa msichana. Mwalimu wa baiolojia alikuwa akinitoa mbele nichore chura ubaoni, tumbo limefunguliwa na viungo vyote mahali pake, darasa zima linanakili. Hesabu ndiyo iliyoniangusha. Nikaolewa Kaisho, nikakaa kwa wakwe, mume akaenda Mwanza kwenye kazi za ujenzi, akawa mtu wa simu. Binti yetu alipoingia darasa la kwanza hakutaka kusoma kitabu cha shule hata umpe andazi. Nikachukua daftari, rula na kalamu ya wino, nikagawa kila ukurasa vyumba sita vya picha, nikamtengenezea kitabu chake mwenyewe.

Mpelelezi wa kitabu alikuwa fisi maji jike. Masharubu marefu, kifua cheupe, amembeba mtoto mgongoni kwa kitenge, mkononi ana daftari la kuandikia ushahidi. Nilimchagua fisi maji kwa sababu ndiye muziro wa baba yake binti yangu, yaani wa binti yangu. Nilitaka mtoto ajione. Katika kesi ya kwanza alitafuta nani anatia maji kwenye maziwa ya kijiji. Katika ya pili, nani anakula mayai ya kuku wa mwalimu. Ya tatu ilikuwa ya bomba la shule lililovunjwa. Kesi zilikuwa ndogo, na wahalifu walikuwa panya, kunguru, mjusi, viumbe ambao hawana ukoo wa kuwatetea.

Binti alisoma. Wenzake wakaja kusoma. Madaftari yakaanza kuchanika, ndipo nikaenda kwa kijana mwenye duka la steshenari pale senta, aliyekuwa na mashine ya kutoa kopi. Nasema kijana, lakini ana mke na watoto wawili. Alisoma kesi ya kwanza amesimama, wateja wanasubiri.

"Dada, huyu mtoto wa mgongoni mbona halii?"

"Analia ukishafunga kitabu."

"Wangu wanalia kitabu kikiwa wazi. Niazime huyu mpelelezi aje achunguze."

Akatoa kopi, akazibana kwa pini, akaziweka kwenye kaunta karibu na madaftari. Ni yeye aliyenishauri niandike kwenye jalada Kesi ya Kwanza, Kesi ya Pili, ili mtoto akimaliza moja aulizie nyingine. Ni mtu wa kwanza aliyeniita mwandishi. Aliniita hivyo kwa utani, lakini hakuna mwingine aliyewahi kuniita hata kwa utani.

Mwingine aliyezipenda katuni zangu alikuwa baba mkwe.

Hapa pia lazima nieleze. Mkamwana wa huku haangaliani uso kwa uso na baba mkwe. Unapiga magoti mlangoni, unaangalia chini, unasema shikamoo, unaondoka kinyumenyume. Miaka saba nilikaa katika ua ule na sikuwa najua macho ya yule mzee yana rangi gani. Nilijua buti zake za mpira, kikohozi chake, na mgongo wake. Mgongo niliujua vizuri kwa sababu ndio uliokuwa ukinipa nafasi ya kuinua uso.

Jioni alikuwa akimwita binti yangu amsomee mbele ya wazee wenzake, kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, katikati yao. Mimi nikiwa jikoni nawasikia.

"Mnaona? Mpelelezi ni wa kwetu," anawaambia. "Hawakumweka wa kwenu."

"Mzee, na siku akikukamata wewe?"

"Atanikamatia nini? Ugali anaokula ni wangu."

Wakicheka, hata mimi jikoni nilikuwa nacheka.

Kati ya kibanja chetu na kibanja cha baba yake yule kijana wa duka kulikuwa na kibanja cha mama mmoja mjane. Kibanja ni shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, na huku mtu asiye na kibanja ni kama hajazaliwa. Mjane hakuwa na mtoto wa kiume. Mabinti zake wawili wameolewa Kimuli. Mumewe alipokufa, majirani wote wawili, baba mkwe wangu na baba yake kijana, walimwendea, kila mmoja kwa wakati wake, kumwomba awauzie. Aliwajibu sawa: "Nitalala alipolala mume wangu." Kaburi la mume liko nyuma ya nyumba, kwenye kahawa. Baba yake kijana alikubali yakaisha. Baba mkwe alirudi nyumbani na kwa wiki nzima hakumwita mtoto amsomee.

Yule mama ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto nilipojifungua. Mama yangu mzazi yuko Chonyonyo, alichelewa kufika. Mjane alikuja asubuhi na jioni kwa siku kumi na nne, akinikemea nisikae na miguu baridi.

Ilikuwa Jumapili. Mtoto wangu alikuwa na homa, nikabaki nyumbani. Kijiji kizima kilikuwa kanisani. Baba mkwe, ambaye ni mzee wa kanisa, alisema mgongo unamuuma. Nilikuwa nimekaa nje ya jiko namenya ndizi za mchana, nikasikia panga.

Aliyekulia kwenye migomba anajua sauti ya mtu anayevuna. Pigo moja, la pili, mgomba unainama, unasikia mkungu unapokelewa. Halafu kimya, maana mtu anabeba. Hii haikuwa na kimya. Ilikuwa pigo, pigo, pigo, na kishindo cha migomba mizima inaanguka na mikungu yake michanga. Nikambeba mtoto, nikazunguka nyuma ya jiko, nikachungulia.

Niliuona mgongo. Niliziona buti. Alikuwa anafyeka kwa utaratibu, mstari kwa mstari, kama mtu aliyeajiriwa. Alipomaliza migomba akaanza kahawa, anaikata chini kabisa karibu na ardhi. Kaburi alilizunguka. Hilo nalo nililiona, kwamba kaburi alilizunguka, na mpaka leo sijui kama ni adabu au ni kuogopa.

Alirudi uani akaita kutoka upande wa pili wa ukuta: "Mkamwana, maji."

Nikaweka ndoo, nikarudi ndani. Nikamsikia ananawa. Kisha akasema, bila kunitazama na bila mimi kumtazama, kama ilivyo adabu yetu: "Hilo shati lichome. Limechakaa."

Shati halikuwa limechakaa. Lilikuwa limejaa utomvu wa migomba kutoka shingoni hadi kwapani. Utomvu ukiwa mbichi hauonekani, ni kama maji. Ukikauka unakuwa mweusi, na hautoki kwa sabuni, kwa majivu, wala kwa ndimu. Sikulichoma. Nililifua, maana ndiyo kazi yangu, halikutakata, nikalikunja nikaliweka chini ya gunia la maharage. Msiniulize kwa nini. Siku ile mkono ulikuwa na akili kuliko mimi.

Mjane alirudi kutoka kanisani na kitabu cha nyimbo kwapani. Hakupiga yowe. Alikaa juu ya kisiki cha mgomba ambao bado ulikuwa unatoa maji, gauni lake la Jumapili likaloa. Watu wakajaa. Baba mkwe alifika na benchi kutoka nyumbani ili wageni wapate pa kukaa. "Pole sana, mama," nilimsikia akisema. "Dunia imeharibika."

Kahawa ikikatwa hivyo unangoja miaka. Kila mtu pale alijua waliowahi kukitaka kile kibanja ni wawili. Walitazama mara upande huu, mara upande ule, kisha chini.

Nami nikanyamaza. Miezi minne nilimsalimu yule mama kisimani, nikamsaidia kujitwika ndoo, nikanyamaza. Ningesema nini? Kwamba nilimchungulia baba mkwe? Nilikuwa nalala kwake, mwanangu anakula kwake. Nikajiambia nitachora. Nitachora kila kitu jinsi kilivyokuwa, yule mama ajue kuna aliyeona, na Mungu atamalizia mwenyewe. Ndivyo mwoga anavyofikiri. Anataka ukweli utoke bila yeye kuonekana akiutoa.

Kesi ya Nne niliichora vizuri kuliko zote. Mpelelezi anafika kwenye shamba lililofyekwa. Ananusa visiki. Anaona nyayo. Anakuta shati lenye utomvu limefichwa. Kila chumba kilikuwa kweli. Nikafika ukurasa wa mwisho, na pale panahitajika uso wa mhalifu. Nilishachora kwa penseli kichwa cha fisi maji, masharubu na yote. Nikakitazama. Nikachukua kifutio.

Nikamchora pongo. Kila mtu analalamika pongo wanatoka vichakani wanakula maharage, pembe zake rahisi, miguu yake rahisi. Nilijiambia ni mnyama wa porini tu. Na nilikuwa najua, nayaandika haya wazi kwa kuwa sitaki kuonewa huruma, nilikuwa najua kwamba pongo ni muziro wa watu wa upande wa pili wa kile kibanja. Wa yule kijana wa duka.

Yeye mwenyewe aliniambia. Alipofika ukurasa wa mwisho alisimamisha mashine.

"Dada, huyu ni pongo?"

"Ni pongo."

"Sisi hatumli huyu."

"Sijamwambia mtu amle. Ni katuni."

"Najua ni katuni. Ila hili shamba nalijua, na wengine watalijua. Mpe uso wa ngedere."

"Ngedere nao wana wenyewe."

"Basi mpe fisi."

"Fisi kila mtu anajua ni mwizi. Sasa upelelezi uko wapi hapo?"

Akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka haraka. "Haya, mwandishi ni wewe," akasema, akabonyeza mashine. Nilisimama pale nikaangalia uso ule unatoka, mmoja, mwingine, mwingine, bado una joto. Ingetosha kusema, lete nikibadilishe. Alinisaidia hata kubana pini.

Siku ya mnada nilikuwa nimechuchumaa kwenye mafungu ya nyanya, binti pembeni yangu. Vitabu vilishazunguka siku tatu. Watoto walisoma, kisha waliwasomea wakubwa, na wakubwa hawakusoma katuni, walisoma muziro. Mtu alikuwa ameubandika ukurasa wa mwisho kwenye mlango wa duka. Saa sita watu walikuwa wamejaa pale, wengine wametoka Kimuli, ndugu wa waume wa mabinti wa mjane. Walimwambia kijana atoe mashati yake yote. Nyuma ya duka lilikuwepo moja limetundikwa, lina madoa ya utomvu, analovaa akienda kumkatia mama yake ndizi.

Huku nani hana shati lenye utomvu? Hata mwenyekiti wa kijiji analo. Hata padri analo. Lakini kitabu kilisema shati, na shati likaonekana.

Mashine waliiburuta barabarani wakaipiga mawe. Yeye walimpiga mchi wa kutwangia, mkono wa kulia ukavunjika juu ya kiwiko, nikausikia. Alikuwa anaita, "Mwulizeni aliyechora. Mwulizeni aliyechora." Na mbele ya watu zilikuwepo buti ninazozijua. Baba mkwe alikuwa amekiinua kitabu changu juu kwa mkono mmoja.

"Mkamwana wangu amechora tu," alikuwa akisema kwa upole, kama anayefundisha. "Fisi maji hakosei."

Nilimshika mtoto mkono nikaenda nyumbani. Nyanya nikaziacha.

Wakatangaza mkutano wa kijiji, Jumamosi ya wiki inayofuata. Hoja ilikuwa moja: ukoo wa pongo umkatie mjane sehemu ya kibanja chao kama fidia, na yule kijana asirudi Kaisho. Mama yake alikwenda kisimani siku ulipotangazwa, wanawake wakanyanyua ndoo zao hata zisizojaa wakaondoka. Mmojawapo nilikuwa mimi.

Kijana walimpeleka kwa dada yake, Chonyonyo, ambako ndiko kwetu nilikozaliwa. Nikasema naenda kumwona mama, nikapanda bodaboda na binti yangu katikati. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka kivulini, mkono umefungwa mbao. Nilikuwa nimebeba maziwa. Mke wake aliyapokea, akayaweka chini, paka akaja akayanywa, naye akamwangalia paka bila kumfukuza.

"Umekuja kunichora?" kijana akaniuliza.

"Nimekuja kukwambia niliona."

"Uliona nini?"

"Niliona anayefyeka. Jumapili ile. Nilikuwa nyumbani."

"Kwa hiyo siku unaniletea nikutolee kopi, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Mke wake alisema kitu kwa Kinyambo ambacho sitakiandika. Kijana hakunitukana. Aliniuliza swali moja tu, kwa lugha ya vile vitabu vyetu.

"Ni mnyama gani?"

Nilimwangalia binti yangu aliyekuwa anachezea mkia wa paka. Kijana akafuata macho yangu, akamwona, akaelewa. Akacheka kile kicheko chake, kikamuumiza mkono.

"Huyo hutamchora," akasema. "Nenda nyumbani, dada. Jumamosi watachukua kibanja cha baba, na wewe utaendelea kupika."

Nilirudi na hasira mpaka meno yanauma. Nilimkasirikia yeye kwa kusema kweli. Nilimkasirikia mjane kwa kunikanda. Niliwakasirikia watu wa mnada ambao hawakuuliza swali hata moja. Nilichukua daftari jipya nikaanza Kesi ya Tano, mchana, nje ya jiko, wazi, yeyote apite aone. Hapakuwa na mashine tena Kaisho, kwa hiyo ilikuwa nakala moja tu.

Mpelelezi anarudi shambani kwa sababu amegundua amekosea. Mvua imenyesha, matope yamehifadhi nyayo. Anachuchumaa. Ni nyayo za vidole vilivyounganishwa kwa ngozi, kama za bata. Pongo ana kwato. Mpelelezi anakaa vyumba vitatu vizima bila maneno. Kisha anafungua kitenge, anamshusha mtoto wake mgongoni, anauweka mguu wa mtoto kando ya unyayo ule. Ni uleule, ila mdogo.

Binti yangu alikuwa ananisomea begani. Aliukazia macho ukurasa ule, kisha akakunja mguu wake mwenyewe akautazama chini yake.

"Mama, na mimi ni fisi maji."

"Ndiyo."

"Babu pia."

"Ndiyo."

Alinisaidia kupaka matope kwa penseli.

Jumamosi wazee walikaa mbele kwenye viti vya plastiki, wanawake kwenye nyasi. Shati lilikuwa ndani ya kitenge changu, daftari mkononi. Baba yake kijana alisimama akasema hajui lolote, akakaa, hakuna aliyemsikiliza. Mwenyekiti akauliza kama kuna ushahidi. Baba mkwe akainua Kesi ya Nne.

Nikasimama. "Mwenyekiti, hicho kitabu ni changu, na mwisho wake ni wa uongo."

"Mama, katuni zote ni za uongo," mtu akasema, watu wakacheka.

"Basi niwasomee na mwisho huu."

Nilisoma Kesi ya Tano kwa sauti, nikigeuza daftari kila ukurasa waone. Wa nyuma wakasogea. Nilipofika pale mtoto anaposhushwa mgongoni, kicheko kilikuwa kimeisha. Wote walikuwa wanajua kusoma kitabu cha aina ile. Niliwafundisha mwenyewe.

"Unamaanisha nini?" mwenyekiti akaniuliza, ingawa alikuwa ameelewa.

Nilitoka kwenye nyasi nikaenda mpaka kwenye viti. Nikalitandaza shati magotini kwa baba mkwe. Halafu nikainua uso nikamwangalia.

"Baba, shati lako ni hili. Uliniambia nilichome. Nilikuwa nyuma ya jiko."

Macho yake ni ya kahawia. Ni madogo na yana machozi ya uzee, kama ya mzee yeyote. Nilikuwa nimetegemea kitu kikubwa zaidi.

Kelele zikaanza, na hizo kelele sitazisamehe. Hawakupiga kelele kwa ajili ya migomba. Hawakupiga kelele kwa ajili ya mkono wa kijana. Wanawake walijifunika macho na khanga wakasema, "Waitu, jamani, amemwangalia mkwe. Amemwangalia." Mmoja alinivuta sketi nikae. Yeye baba mkwe hakukana. Alilikunja shati taratibu, mikono kwa ndani, kama linavyokunjwa shati safi.

Mwenyekiti alisema wa pongo waachwe, kibanja chao kisiguswe. Hilo lilisemwa, na likaandikwa, na ndilo nililoliendea. Kuhusu aliyefyeka, akasema ni jambo la ukoo, ukoo ukae. Ukoo ukakaa. Wakampelekea mjane machipukizi ya migomba ya kupanda upya. Buti zilezile zikaenda kumsaidia kuchimba mashimo, na akazipokea. Angefanyaje.

Jioni ileile nilikuta godoro langu uani. Dada yake mume wangu alikuwa amemshika binti yangu mkono.

"Huyu ni wetu," akasema. "Umesema mwenyewe mbele ya watu. Wewe nenda na kalamu zako."

Nilimpigia mume wangu simu. Alisikiliza mpaka mwisho. "Umemvua baba yangu nguo hadharani," akasema. "Unataka nikusaidie kumvalisha?" Akakata.

Sasa niko Chonyonyo kwa mama yangu. Kijana amerudi Kaisho. Mkono umeunga vibaya, mashine hana, anauza madaftari na penseli. Nilipita siku moja tukatazamana kwenye kaunta. "Usitegemee nikushukuru," akasema, "na mimi sitegemei uniombe radhi kila siku. Unataka penseli ngapi?" Mama yake anachota maji, watu wanamsalimu kana kwamba hawakuwahi kuacha. Hilo lipo. Hakuna anayeweza kuliondoa.

Mtoto wangu bado yuko kule. Nimekwenda ofisi ya ustawi wa jamii mara nne. Wamefungua faili, wameandika barua, baba mkwe hajaitikia barua. Mzee wa kanisa hasukumwi.

Mwezi uliopita walimruhusu mtoto aje siku mbili. Ameongezeka kimo. Ananiambia babu bado anamwita jioni asome, lakini kesi tatu za kwanza tu, ya nne aliichoma. Ya tano hakuipata, binti aliihamisha. Hakuniambia alikoihamishia, na sikumuuliza.

"Ananiuliza huyu mpelelezi siku hizi yuko wapi," akasema.

"Unamjibu nini?"

"Namwambia yuko Chonyonyo."

Alikuja amevaa shati la shule, la pekee alilonalo. Begani na kifuani lina utomvu, maana sasa ndiye anayebeba mikungu kutoka shambani. Nililifua mara tatu kabla hajarudi. Kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu.